Kukata ubikwitini bila kuacha mabaki: tathmini ya kimeng'enya cha Usp2 katika maabara ya Unguja

Kimeng'enya ninachokitathmini hapa ni kipande cha Usp2, yaani ile sehemu yake inayokata tu, ambacho huuzwa kikiwa kimeshasafishwa na kutiwa katika kichupa kimoja, kwa kazi ya kuondoa ubikwitini, protini ndogo, iliyounganishwa mbele ya protini nyengine. Hukumu yangu naitoa mapema kwa ajili ya msomaji mwenye haraka. Kwa ukataji wenyewe, kimeng'enya hiki kimefanya kazi yake vizuri kuliko vyote tulivyowahi kuvitumia. Ufungashaji wake na maelekezo yake, hata hivyo, havikumfikiria mtu wa visiwani, na kwa bei yake sitakinunua tena kwa njia ile ile.

Matumizi yetu ni haya. Tunawafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho kutengeneza protini ndani ya bakteria wa E. coli, na tunachotengeneza ni kipande kidogo cha protini ya mnyoo wa kichocho, Schistosoma haematobium, ambao hapa kwetu hauhitaji kutambulishwa. Baada ya hapo wanafunzi hukitumia kipande hicho kupima kingamwili. Kikitengenezwa peke yake, bakteria hukivunja au hukirundika ndani ya seli kikawa mabonge yasiyoyeyuka. Kikiunganishwa nyuma ya ubikwitini, hutoka kwa wingi na huyeyuka. Ubikwitini ni protini ndogo yenye asidi amino 76 na uzito wa takriban kilodaltoni 8.5, hukunjika haraka, huyeyuka vizuri na huvumilia joto kuliko protini nyingi, na mara nyingi protini iliyofungwa nyuma yake hufaidika na tabia hizo. Bakteria kwa kawaida hawana ubikwitini wala vimeng'enya vya kuikata, kwa hiyo kile kiunganisho hubaki kamili mpaka sisi wenyewe tukikate. Mtu akijaribu jambo hilo hilo ndani ya chachu, seli itamkatia kabla hajaivuna, na hatakuwa na haja ya kununua kitu.

Wengi wanaijua ubikwitini kwa kazi yake ya kuwekwa kwenye protini zinazotakiwa kuvunjwa, ugunduzi uliowapatia Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Huko hufungwa ubavuni, aghalabu kwenye tawi la lisini. Hapa tunazungumzia kitu chengine, nacho ni protini mbili zilizoandikwa na jeni moja, mkia wa ubikwitini ukiwa umeungana moja kwa moja na kichwa cha protini inayofuata. Mpangilio huo nao haukubuniwa na binadamu. Katika seli zetu ubikwitini haizaliwi peke yake. Hutoka ama ikiwa mnyororo wa ubikwitini kadhaa zilizofuatana, ama ikiwa imeungana na protini za ribosomu, na vimeng'enya vya jamii hii ndivyo vinavyozitenganisha. Anayeitumia maabara anaiazima tu kazi iliyokuwa ikifanyika zamani.

Kwa nini mtu asumbuke na ubikwitini, na hali vimeng'enya vya kukata viunganisho vimejaa sokoni? Jawabu liko kwenye asidi amino ya kwanza ya protini anayoitaka. Kimeng'enya cha TEV, ambacho karibu kila maabara inacho, hutambua mfululizo wa asidi amino saba na hukata kabla ya ile ya mwisho, hivyo huacha glisini au serini moja mbele ya protini yako. Thrombini, kwa namna inavyotumiwa kwa kawaida, huacha mbili. Faktori Xa na enterokinasi hazilazimiki kuacha kitu, ila zote mbili zina sifa ya kukata pengine pasipotakiwa, na nimeshaona protini nzuri ikigeuka vipande kwa sababu hiyo. Kwa baadhi ya protini ziada ya asidi amino moja haina athari. Kwa nyengine athari yake ni kubwa: kemokini (protini inayozipa ishara seli za kinga) iitwayo RANTES ikiongezewa metionini moja tu mbele, badala ya kuamsha kipokezi chake, hukizuia. Usp2 hukata baada ya glisini ya 76 ya ubikwitini, na protini inayobaki huanza pale pale ilipokusudiwa kuanza, kama karafuu iliyochambuliwa vizuri isiyobakiwa na kikonyo.

Siri ya usafi huo ni namna kimeng'enya kinavyolitambua windo lake. TEV na wenzake husoma mfululizo mfupi wa asidi amino, na mfululizo mfupi, au unaofanana nao, unaweza kutokea kwa bahati mbaya katikati ya protini yoyote. Usp2 haisomi namna hiyo. Huikumbatia ubikwitini nzima iliyokwisha kujikunja, kisha mkia wake, wenye glisini mbili mwishoni, hupenya katika mfereji mwembamba unaouelekeza kwenye sisteini inayokata. Mfereji huo hauna nafasi kwa asidi amino kubwa. Ndiyo maana watafiti wanaotaka kiunganisho kisichokatika huibadilisha ile glisini ya 76 kuwa valini, na jambo hilo hutosha. Kwa mtumiaji maana yake ni kwamba hatari ya kukatwa pasipohusika ni ndogo mno. Tuliwahi kuusahau mchanganyiko kwenye joto la chumba tangu adhuhuri hadi asubuhi ya pili, na kwenye jeli, ambayo hutenganisha protini kwa uzito na kuzionyesha kama kanda, hapakuonekana ukanda hata mmoja usiotarajiwa.

Nieleze jeli hiyo kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayompa mnunuzi ushahidi. Kabla ya kukata, ulikuwepo ukanda mmoja mnene kwenye kilodaltoni 24 hivi. Baada ya kukata kwa nyuzijoto 37, kwa uwiano wa molekuli moja ya kimeng'enya kwa mia moja za kiunganisho, ukanda huo ulififia kwa haraka tusiyoitarajia, na mahali pake zikatokea kanda mbili, ya protini yetu karibu na 14 na ya ubikwitini yenye mkia wa histidini (histidini kadhaa zilizopachikwa ili protini inaswe na nikeli) karibu na 10, pamoja na mstari mwembamba sana wa kimeng'enya chenyewe karibu na 40. Nawatahadharisha wanaotumia jeli ya asilimia 12: ubikwitini hukimbia pamoja na rangi ya mbele na mtu akadhani haipo. Tumieni asilimia 15 au jeli ya trisini. Ubikwitini ina uzuri mmoja hapo, nao ni kuonekana karibu na uzito wake halisi, ilhali SUMO, protini nyengine ndogo inayofanana nayo ambayo nitaigusa chini, huonekana kubwa kuliko ilivyo na kuwachanganya wanafunzi kila mwaka.

Hatua inayofuata, kwa maandishi, ni rahisi. Ubikwitini ina mkia wa histidini na kimeng'enya nacho kinao, kwa hiyo ukipitisha mchanganyiko juu ya nikeli vyote viwili hunaswa na protini yako hupita ikiwa safi. Hapa ndipo maelekezo ya mtengenezaji yalipotuangusha. Bafa iliyokuja pamoja na kichupa ilikuwa na DTT, kemikali ya kuzuia kimeng'enya kisioksidike, kwa kiwango ambacho nikeli haikivumilii. Tuliitia kama tulivyoelekezwa, na punje za nikeli, ambazo huwa na rangi ya samawati isiyokolea, zikageuka hudhurungi mbele ya macho ya wanafunzi, na sehemu kubwa ya ubikwitini ikapita moja kwa moja bila kunaswa. Onyo la mstari mmoja lingetosha. Dawa yake ni ama kuiondoa DTT kwa dayalisisi kabla ya kufika kwenye nikeli, ama kutumia TCEP, kemikali ya kazi hiyo hiyo, kwa kiasi kidogo tangu mwanzo, na njia hiyo ya pili ndiyo tunayoifuata sasa. Wala msitie EDTA, kemikali inayoshika metali, kwani huivua nikeli kutoka kwenye punje zake.

DTT yenyewe inastahili maneno zaidi, maana ndiyo inayokosesha matokeo katika maabara nyingi za ukanda huu. Usp2 hukata kwa sisteini, na sisteini ikishaoksidika haifanyi kazi. DTT huwekwa kuilinda, lakini nayo huoksidika, na kasi yake hufuata joto na pH. Kwa nyuzijoto 20 na pH 6.5, nusu ya DTT hudumu takriban saa 40. Kwa pH 7.5, saa 10. Kwa pH 8.5, hata saa mbili haifiki. Takwimu hizo ni za nyuzi 20, joto ambalo chumba chetu hakilijui hata Julai. Maelekezo yanasema bafa ikishachanganywa inaweza kutumika kwa wiki nzima. Kwetu ya jana imeshakufa. Anayepata ukataji hafifu asikimbilie kukilaumu kimeng'enya wala kuongeza kiasi chake. Achanganye DTT mpya kwanza. Na ikiwa protini yake inategemea madaraja ya salfa ili ibaki na umbo lake, ajue kwamba kinachokilinda kimeng'enya kinaweza kuyavunja madaraja hayo, na hilo halina ufumbuzi ndani ya kichupa hiki.

Sasa ufungashaji, ambao ndio malalamiko yangu makubwa. Kimeng'enya chote kimo katika kichupa kimoja, bila gliseroli ya kutosha, kwa sharti la kuhifadhiwa nyuzi 80 chini ya sifuri na kutogandishwa tena kikishayeyuka. Mtu anayekitumia kidogo kidogo anafanyaje? Mzigo wetu ulipitia kwa wakala wa Dar es Salaam, ukakaa kwake kwa sababu karatasi zake hazikukamilika, na ulipofika kwa boti, barafu kavu ilikuwa imekwisha zamani. Wakala alinipigia simu kwa furaha: "Sheikh, mzigo uko salama, bado wa baridi." Ulikuwa wa baridi, kwa sababu alikuwa ameuzungushia barafu ya kawaida iliyokuwa ikivuja maji. Nilichofurahi, na namshukuru aliyekibuni kimeng'enya wala si aliyekiuza, ni kwamba kilikata vizuri licha ya hayo yote.

Siku hiyo hiyo tulikigawa katika vichupa vidogo, tukaongeza gliseroli mpaka ikafika nusu ya ujazo, tukaviweka kwenye friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa gliseroli kiasi hicho kimeng'enya hakigandi, hutolewa kwa pipeti kikiwa cha majimaji na kurudishwa, na umeme ukikatika kwa saa chache hakuna kilichoharibika. Mtu mzima wa Unguja halidharau jambo la umeme. Kisiwa hiki kilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, pale njia ya umeme inayotoka Bara kupitia chini ya bahari ilipoharibika, na kila aliyekuwa na friza anakumbuka alichokitupa. Bidhaa inayodai nyuzi 80 chini ya sifuri, na inayoweza kabisa kuishi kwenye 20, imewekewa sharti hilo kwa uvivu.

Kichupa kimoja kati ya hivyo tulimpelekea mwenzetu wa Pemba, ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyojazwa barafu, kwa meli ya kwenda Mkoani, naye akakitumia alipofika Chake Chake. Kilikata. Sisemi kwamba hiyo ndiyo njia ya kusafirishia vimeng'enya, lakini inaonyesha kwamba mtengenezaji angeweza kuuza vichupa vidogo vyenye gliseroli, akatupunguzia gharama ya barafu kavu ambayo ilikaribia kulingana na bei ya bidhaa yenyewe.

Mipaka ya ukataji ipo, na mnunuzi aijue. Ikiwa asidi amino ya kwanza ya protini yako ni prolini, Usp2 hukata kwa shida sana, na nyuzijoto 37 usiku kucha zilituachia sehemu kubwa bila kukatwa. Zile nyengine kumi na tisa haichagui sana. Ikiwa kichwa cha protini yako kimejificha ndani ya umbo lake, kimeng'enya hakipati mahali pa kuingia. Unaweza kuongeza glisini chache katikati ili kuwe na nafasi, lakini hapo umeshajiongezea mabaki na ile sababu ya kuinunua Usp2 badala ya TEV imeondoka. Tulijaribu pia UCHL3, ndugu yake wa mbali tuliyeazimwa, ambaye ni mdogo na hudumu sana. Huyo anafaa tu pale kilichoungwa nyuma ya ubikwitini ni kifupi, kwa sababu juu ya mahali pake pa kukatia kuna kitanzi cha protini ambacho kitu kikubwa kilichokunjika hakiwezi kukipita. Kwa kipeptidi cha asidi amino chache ningemchagua yeye. Kwa kipande chetu cha kichocho hakufanya lolote.

Mshindani wa kweli ni Ulp1, kimeng'enya cha chachu kilichoelezwa mwaka 1999, ambacho hukata SUMO. Nacho hutambua umbo zima, nacho hukata baada ya glisini mbili bila kuacha mabaki, nacho hushindwa na prolini. Hufanya kazi hata ndani ya yurea ya molari mbili, na kwa wauzaji tuliowauliza bei yake ilikuwa nafuu zaidi. Mtu anayeanza leo, ambaye bado hajaitengeneza plasmidi yake, yaani DNA ya duara inayoibeba jeni ndani ya bakteria, nitamwambia aanze na SUMO na Ulp1 na asihangaike. Lakini Ulp1 haikati ubikwitini, na aliyekwisha kuwa na kabati la plasmidi za ubikwitini, kama sisi, hawezi kuzibadilisha zote kwa sababu ya bei ya kichupa. Vilevile zipo protini zilizotoka vizuri nyuma ya ubikwitini zikakataa nyuma ya SUMO, na kinyume chake, wala sijasikia maelezo yaliyoniridhisha ya kwa nini iwe hivyo.

Njia nyengine, badala ya kununua, ni kukitengeneza kimeng'enya wenyewe. Mwaka 2004 watafiti wa Canberra, Australia, walichapisha mfumo mzima: plasmidi yenye ubikwitini na mkia wa histidini, ambayo mwishoni mwake kuna mahali panapokatwa na SacII, kimeng'enya cha kukatia DNA, pa kupachikia jeni yako, na plasmidi ya pili inayotoa kipande hiki hiki cha Usp2, nacho kikiwa na mkia wa histidini. Plasmidi husafiri ndani ya bakteria waliochomwa kwenye agari, kwa posta, bila barafu ya aina yoyote, na bahasha ikichelewa njiani hakuna anayepiga simu kwa wasiwasi. Ukishaipata, E. coli wale wale unaowatumia kwa protini yako watakutengenezea kimeng'enya, na kolamu ile ile ya nikeli itakusafishia. Tumeshafanya hivyo, na wanafunzi wameifanya kazi hiyo kuwa zoezi lao la kwanza kabla hawajaigusa antijeni, yaani kile kipande cha kichocho. Kimeng'enya chetu hakina usafi wa kile cha dukani, kwani kwenye jeli kina kivuli cha protini moja ya bakteria inayopenda nikeli, lakini hukata kwa kasi isiyotofautika kwa macho, na kikiisha tunatengeneza chengine.

Kwa hiyo kichupa cha dukani nakipa nafasi moja tu ya haki: mara ya kwanza, unapotaka kujua kama kiunganisho chako kinakatika kabla ya kujiingiza katika kazi ya kutengeneza kimeng'enya, au unapohitaji kitu cha kulinganishia kile ulichokitengeneza. Hapo ndipo tunapokitumia kilichobaki. Anayeamua kukinunua amtake muuzaji ampe matokeo ya jaribio la kundi hilo hilo analopelekewa, yakionyesha ni kiasi gani cha kiunganisho kilikatwa kwa muda gani na kwa joto gani, kwa sababu kizio cha nguvu kilichoandikwa kwenye kibandiko kila mtengenezaji hukitafsiri kwa namna yake. Aulize kama gliseroli inaweza kuongezwa kabla ya kusafirishwa. Na DTT ainunue ya unga, aipime mwenyewe asubuhi ya kazi.